Kanzu Iliyopelekwa Ziwani

Siku hizi nawaona vijana wanashuka kwenye basi pale stendi ya Korogwe na mabegi makubwa mgongoni, wanauliza njia ya milimani. Ukiwauliza wanafuata nini huko juu, wanakwambia wanakwenda kutembea tu, wakaone ziwa, wapige picha, warudi. Hawajaibiwa kitu, hawajafiwa na mtu, hawajatumwa. Wanapanda mlima kwa hiari yao na akili zao timamu. Mimi huwatazama nikanyamaza, maana nikifungua mdomo nitaonekana mzee mwenye kijicho. Lakini humu nitasema. Ziwa la baridi la huko juu nililifikia baba zao wakiwa bado hawajazaliwa, na sikwenda kutembea. Nilifuata kanzu.

Kusoma nilisoma mpaka darasa la pili, na kuandika kwa kunyoosha mstari nilifundishwa ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, nimekaa na wake za watu kwenye benchi moja. Anayetaka Kiswahili cha mikogo akakitafute kwa waliosoma. Mimi nina nyumba ya bati Kwamndolwa na shamba la machungwa kwetu Handeni, na hakuna aliyenipa hata msumari mmoja. Kwa hiyo nitaongea nipendavyo.

Ilikuwa kipupwe cha mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa nakata mkonge kwenye shamba moja nje ya Korogwe. Pale shambani palikuwa na kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, sisi tukikiita korona, na wajukuu zangu wakisikia neno hilo wanadhani nilikuwa mgonjwa. Fundi mkuu wa mashine za korona alikuwa Msambaa wa milimani, mtu mfupi, mpole, mwenye mafuta ya grisi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amejenga Kilole, na binti yake ndiye aliyekuwa akimletea chakula cha mchana. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mtu mwenye macho ataelewa kwa nini nilianza kupitia korona kila mchana wakati shamba langu la kukata lilikuwa upande wa pili kabisa.

Nilituma wazee, wakapokelewa vizuri. Mahari tukaelewana. Siku ya ndoa ikapangwa, Ijumaa, baada ya swala. Halafu yule fundi akaniita pembeni ya mashine, mimi na yeye tu.

"Kijana, wewe mchapa kazi, hilo sina neno."

"Ahsante, baba."

"Lakini moto wako uko juu mno. Yule nyapara alitumbukiaje kwenye mtaro wa maji machafu?"

"Alimtukana mama yangu, baba."

"Na yule mwingine, kabla yake?"

"Huyo aliteleza."

Akajifuta grisi kwenye kipaji, akaongeza nyingine. "Binti yangu ni mmoja. Simtoi kwa mtu wa ngumi. Nitakuangalia mpaka Ijumaa. Nikisikia umemkunjia mtu ngumi, au hata uso tu, shehe atakula pilau lake arudi kwake. Ndoa hakuna."

"Uso nao, baba?"

"Uso ndio unaoanza."

Mwenzangu, mimi sikuwahi kuutawala uso wangu. Ni uso wa ukoo, tumeurithi. Lakini binti nilimtaka kuliko chochote, kwa hiyo nikasema sawa, baba, mpaka Ijumaa nitacheka kama mtoto anayebebwa.

Na mimi nilikuwa na balaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Pale kambini nililala chumba kimoja na Mnyamwezi, aliyekuja na treni ya manamba kutoka kwao Tabora. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, hili hata watoto wanalijua. Mtani anaweza kula chakula chako ukiwa umenawa mikono. Anaweza kukaa juu ya godoro lako na matope. Anaweza kwenda msibani kwenu akazuia jeneza mpaka apewe jogoo. Na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa, utachekwa mpaka na watoto. Dawa yake ni moja tu, umngojee naye siku yake ifike.

Mtani wangu huyu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Jumatatu ya wiki ile ya ndoa nikarudi kutoka shambani, nikaenda kuitazama kanzu yangu kama nilivyofanya kila jioni. Ilikuwa kanzu mpya, nyeupe, ina darizi kifuani, nimeishonesha mjini kwa fundi anayewashonea masharifu. Nilikuwa nimeining'iniza ukutani na kuifunika na gazeti. Nikakuta gazeti peke yake.

Mtani amejinyoosha kitandani anatafuna michembe yake, vile viazi vikavu vya kwao.

"Kanzu yangu iko wapi?"

"Kanzu imekwenda kupunga upepo."

"Upepo gani?"

"Wa juu. Imepanda lori la mbao leo asubuhi. Iko milimani, kule ziwani, kwa bibi yake bibi harusi. Ukiitaka nenda kaikomboe."

"We Mnyamwezi!"

"Naam, bwana harusi?" Akanyanyua shingo kunitazama vizuri, tena akalisogeza koroboi. "Hebu geukia huku kwenye mwanga. Unakunja uso, au naona vibaya?"

Basi pale pale nikaelewa kwamba habari ya fundi wa korona ilikuwa imeshafika kambini. Nikachukua michembe kwenye bakuli lake, nikajaza mdomo ili uso upate kazi nyingine.

Tulitoka alfajiri ya Jumanne, mimi na yeye, maana alisema njia anaijua na bila yeye nitaishia kwa Wapare. Nilivaa suruali yangu ya kaki, ile nzuri, na shati jeupe, kwa kuwa nilikuwa naenda kuonana na bibi wa mke wangu. Begani nilibeba kibuyu kikubwa kimejaa maji.

Kibuyu hiki nakieleza kwa sababu nimechekwa nacho maisha yangu yote. Kwetu Handeni mtu hatoki nyumbani bila maji. Mimi nimekua nikimwona mama yangu anaondoka alfajiri kwenda kuchota na kurudi jua la utosi, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Safari kwetu ni maji kwanza, halafu chakula, halafu nauli. Kwa hiyo nilijaza kibuyu Korogwe, nikakiziba na gunzi la muhindi, nikakibeba.

Lori lilitushusha Mombo, tukashika njia ya miguu. Mlima ule si mlima wa kutazama kwa chini. Ukiwa bondeni unauona wa buluu, mzuri, unadhani ni wa kupanda kabla ya chai. Ukianza kuupanda unageuka ukuta. Migomba inakaa juu ya kichwa chako, nyumba ya mtu iko juu ya migomba, na mbuzi wa yule mtu anakutazama kutoka juu ya paa la nyumba. Na maji! Kila tulipokata kona palikuwa na kijito. Maji yanateremka kwenye mawe, maji yanapita katikati ya njia, maji yanatoka ukutani bila hata kuulizwa. Mimi nikavua viatu, nikavuka, nikavaa viatu, kibuyu begani.

Mtani akasimama katikati ya kijito, maji yamemfika kwenye ugoko, akanisubiri.

"Mzigua."

"Sema."

"Hicho kibuyu kina nini?"

"Maji."

Akageuka akautazama mlima. Akayatazama maji yanayopita miguuni pake. Akanitazama mimi. "Unampelekea nani?"

"Siku yakiisha haya utanitafuta."

"Babu yangu mimi alibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani. Mzigo wa maana, wenye wenyewe. Kwenu mmebeba nini tangu muumbwe? Maji! Tena kuyapeleka kwa mama yake maji!" Akainama, akanywa kwa kiganja, akashusha pumzi kwa makusudi. "Aaa! Matamu. Bure."

Mimi kiu ilikuwa inaniua. Lakini nikinywa ya kijito nimemkubalia yeye, na nikinywa ya kibuyu nitakuwa nimeyamaliza kabla hayajatakiwa. Nikaendelea kupanda na kiu yangu, nikitabasamu. Kila mtu aliyetupita alinisalimia kwa heshima, nadhani walidhani nabeba dawa.

Tulipofika kwenye kijiji cha katikati, penye mgahawa wa chai ya tangawizi, mtani akaanza kuchechemea. Goti, akasema. Goti la kushoto. Tulipokaa likawa la kulia. Mwanamke mwenye mgahawa akamletea maji ya moto ya kukandia, na yeye akauliza kama kuna mihogo ya kuchoma.

"Wewe nenda," akaniambia mdomo umejaa. "Mimi nitakungoja hapa hapa. Fuata njia ya msitu mpaka miti iishe, utaona ziwa, utaona nyumba moja. Bibi yumo."

"Na goti?"

"Goti niachie mwenyewe. Wenzako wamepandisha mwenge Kilimanjaro mwaka jana, usiku, na barafu. Wewe kanzu tu inakushinda?"

Nikamwacha. Sikujua kwamba nilipokata kona ya kwanza, yeye aliagiza chai nyingine, akainywa, na goti likapona, akateremka Mombo mbio kama mbuzi aliyefunguliwa.

Ule msitu niliupita peke yangu. Ukungu uliingia mapema, nikawa naona miguu yangu na siioni njia. Mbega wanaruka juu, na mikia yao myeupe inapita kwenye ukungu kama vitambaa vya watu wanaokuaga. Baridi nilikuwa nimeisikia kwa jina tu. Kwetu mtu akisema baridi ana maana ya homa. Hii ilikuwa baridi ya mtu mzima, inaingia kwenye mkono wa shati, inapita kifuani, inatokea mkono wa pili. Nilipotoka msituni jioni, meno yanagongana yenyewe, nikaliona.

Nilikuwa nimetegemea ziwa la kupita mashua. Lilikuwa dogo. Lilikaa kwenye bakuli la nyasi, jeusi, limetulia, halina hata kikunjo, mawingu yamelala juu yake kama ng'ombe waliochoka. Nimeona maji mengi baadaye, nimeona hata bahari. Lakini mtu aliyezaliwa Handeni akikuta maji kiasi kile yamekaa tu juu ya mlima, hayana foleni, hayana mgombano, hakuna anayeyalinda, anavua kofia. Mimi nilivua.

Nyumba ilikuwa upande wa pili, na mbele yake bibi kizee mdogo kuliko jembe aliloshika, anapalilia maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa. Mke mzuri kama mimi hawekwi hivi."

Nikajua niko mikononi mwa mtu wa aina gani. Bibi na mjukuu ni watani nao, tena bila mipaka, na mume wa mjukuu ni mume wake. Akanizunguka kama mtu anayenunua fahali. Akashika mikono yangu, akapitisha kidole kwenye makovu ya miiba ya mkonge. Akaniambia nipanue mdomo. Nikapanua.

"Meno yapo," akasema. "Na hicho ulichobeba?"

"Maji, bibi."

"Kutoka wapi?"

"Korogwe."

Akaweka jembe chini. Akaligeukia ziwa. Akanigeukia. Halafu akakaa kwenye udongo wa maharage yake, akacheka bila sauti, mabega tu yanacheza, machozi yanateremka kwenye mikunjo. Nilipodhani amemaliza akakitazama kibuyu, akaanza upya.

"Hebu nionjeshe."

Akaonja. Akatema pembeni. "Ndiyo anayokunywa mwanangu haya? Ndiyo maana amekuwa mfupi." Akayamwaga yote kwenye shina la maharage. "Nayo yaonje dunia."

Maji niliyoyabeba kutoka bondeni na kiu yangu yote! Nikahisi uso unaanza. Na yeye akauona, maana aliinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza.

"Bibi," nikasema haraka, "nimefuata kanzu yangu."

"Kanzu gani?"

"Ya ndoa. Imeletwa na lori la mbao."

"Mume wangu, hapa hata lori halijawahi kufika. Mwanangu ameniletea habari kwamba ataniletea mume nimwone, kwa kuwa mimi bondeni sishuki tena, joto la kule linanivunja. Amesema mume mwenyewe hawezi kuja akiitwa, ana kiburi, ila ataletwa na kitu chake. Kanzu siijui."

Sasa ndio nikaupata mpango wote. Mkwe na mtani, wawili wale. Mmoja na grisi yake na upole wake, mwingine na goti lake. Nilikuwa nimepanda mlima mzima kuja kuoneshwa kama mbuzi wa sadaka. Na kanzu ilikuwa wapi? Na Ijumaa inakuja.

Bibi alinipa bada na maharage, ugali wa muhogo ule ule wa kwetu, nikala nikapata nguvu. Kabla sijalala akaniambia jambo la mwisho. Kila mume anayeingia kaya ile lazima aoge ziwani alfajiri. Ni mila. Asiyeoga, ndoa haikai. Mkwe wangu naye, akasema, alioga.

Lakini kwanza alinizuia siku mbili nimlimie maharage, na alfajiri ya Ijumaa akaniamsha kwa fimbo. Nje nyasi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Ukingoni mwa ziwa maji yalikuwa yameota ngozi ngumu, nyembamba, kama kioo cha dirisha la ofisi. Nikaigusa kwa kidole, ikalia, ikapasuka. Wasomi wameniambia mara nyingi kwamba milima yetu hii si mirefu kiasi cha kugandisha maji. Wao hawakuoga mle.

"Ingia, mume wangu. Mimi nimegeuka, sitazami."

Nikavua, nikaweka nguo juu ya jiwe, nikaingia. Jamani. Nilipofika kiunoni roho ilitoka, ikasimama ukingoni, ikanisubiri.

"Na kichwa!"

"Bibi, kichwa nacho?"

"Kichwa ndicho kinachooa! Zama, halafu utaje jina la mkeo!"

Nikazama. Nilipoibuka nililitaja jina la binti yule kwa sauti ambayo naamini waliisikia Mombo. Mbega msituni walinyamaza wote.

Nilipotoka, jiwe lilikuwa tupu. Bibi amekaa mlangoni, amekalia nguo zangu.

"Hizi nazizuia," akasema. "Shati na suruali. Utavipata siku utakayoniletea mtoto wa kwanza nimwone. Bila hivyo mtakaa huko bondeni mnisahau."

Mimi niko mtupu, buluu, nimejiziba kwa mikono miwili, kibaridi kinanikata, suruali yangu ya kaki imekaliwa. Nikakumbuka kanzu, nikakumbuka goti la Mnyamwezi, nikakumbuka maji yangu kwenye maharage. Hasira ilipanda kama maziwa kwenye sufuria. Tayari ilikuwa shingoni.

"Uso huo vipi, mume wangu?" akauliza taratibu, na sauti haikuwa ya mzaha tena. "Mwanangu ameniomba nimwambie ukweli juu ya uso huo."

Hapo ndipo ndoa yangu iliponing'inia, na nililijua hilo. Nikaona nicheke, hata cha uongo. Nikatoa kicheko kikavu kama kikohozi cha punda. Punda mwenyewe akanichekesha. Nikajitazama, mkata mkonge aliyemtia nyapara mtaroni, anatetemeka mbele ya bibi wa kilo chache, hana hata jani. Kicheko cha pili kikatoka chenyewe, na cha tatu, mpaka nikakaa chini kwenye nyasi nyeupe, na nikaruka tena kwa ubaridi wake. Bibi akacheka na mimi. Akanirushia blanketi lake la kijivu.

Kabla sijaondoka nilivunja ile ngozi ya ziwa vipande vipande, nikavisukumia kwenye kibuyu, nikakijaza na maji ya pale, nikakizungushia magome ya mgomba mabichi. Bibi hakuuliza. Aliona tu, akatabasamu, akaniongezea kamba.

Safari ya kushuka sitaieleza sana. Kwenye mgahawa yule mwanamke aliniambia mgonjwa wangu alipona siku ile ile. Kwenye lori watu walibishana juu yangu kana kwamba simo, mmoja anasema nimetoka hospitali, mwingine anasema nimeunguliwa na nyumba. Nilikalia kibuyu changu kivulini, nimekifunika, nikikipapasa kama yai.

Nilifika Kilole Ijumaa watu wameshatoka msikitini. Pilau linanukia mpaka barabarani. Shehe amekaa, wazee wamekaa, mkwe wangu amekaa, safari hii amenawa grisi. Na kwenye mkeka, katikati, pale panapokaa bwana harusi, amekaa mtani wangu. Amevaa kanzu yangu. Darizi kifuani. Imemfika magotini kwa urefu wake, na kofia yangu ya harusi imekaa kisogoni.

Watu wote wakanigeukia, mimi na blanketi langu.

"Karibu, mgeni," mtani akasema kwa ile sauti yake ya ng'ombe. "Tumekungoja mpaka pilau likataka kuungua. Tukasema aibu hii isimpate binti wa watu. Nimejitolea."

Mkwe hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, bila kupepesa. Nikaona na pazia la chumba cha wanawake linasogea, na nikajua nani yuko nyuma yake.

Nikatabasamu. Na safari hii uso haukunipa kazi, maana kilichokuwa moyoni kilikuwa kitamu.

"Hongera, bwana harusi," nikasema. "Lakini shehe, nisamehe kidogo. Nimetoka kwa bibi mwenyewe. Mila ya kaya hii, bwana harusi huogeshwa maji ya ziwani."

Nikang'oa gunzi. Mtani alikuwa bado anacheka alipoona kibuyu. Alisema, "Bado tu unabeba maji, Mzi—" na hapo nikamvuta ukosi wa kanzu kwa nyuma, nikamimina.

Vipande vilikuwa vimeyeyuka, sitadanganya. Lakini ubaridi ulikuwemo. Yule bwana alipiga yowe la Tabora nzima. Aliruka kutoka kwenye mkeka akiwa bado ameketi. Kanzu aliivua mwenyewe, kwa kichwa, bila kuambiwa, akakimbia nje na kaptura, anapiga kelele kwamba Mzigua amemtia nyoka mgongoni. Wazee wakagaragara. Shehe akajifunika kwa kilemba. Nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele, na kimoja kilikuwa kirefu kuliko vingine, na mpaka leo mwenyewe anakataa kwamba kilikuwa chake.

Mkwe alicheka mpaka akavua kofia. Alipopata pumzi akasema, "Haya, mpeni kanzu yake. Hakununa." Halafu akanisogelea, akaniuliza kwa upole, "Lakini hii mila ya kuoga ziwani umeitoa wapi?"

"Kwa mama yako, baba. Amesema hata wewe ulioga."

"Mimi?" Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, mimi nimezaliwa pale. Lile ziwa hakuna anayeingia. Lina baridi."

Kila mtu ananitazama uso. Nikasema moyoni, bibi, bibi, bibi. Na nikacheka mimi wa kwanza.

Nilifunga ndoa na kanzu iliyolowa, inadondosha maji ya ziwani kwenye mkeka. Shehe aliniuliza mbona nabubujika na kutetemeka. Nikamwambia ni furaha.

Mtoto alikawia miaka kuja, na katika kumpata mtoto na kuhamishwa, maana ndipo vilipokuja vijiji vya Ujamaa na kila mtu akabomoa nyumba yake akajenga kwenye mstari, tulichelewa kumpeleka juu. Mtoto alikuwa anatembea tulipofika. Bibi hakuwa nyumbani. Tukaambiwa yuko kwenye shamba la kijiji, na wenzake. Tukamkuta katikati ya mistari ya viazi, jembe mkononi, anawaongoza wanawake kulima, na chini ya kanga amevaa suruali yangu ya kaki, imekunjwa mara nyingi, imefungwa kwa kamba ya mkonge, na magotini imewekwa viraka.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta mtoto. Nimefuata nguo zangu."

Akamchukua mtoto, akamgeuza, akamtazama meno. Akaridhika.

"Shati lilishaisha, mume wangu," akasema. "Na hii huku juu haivuliki. Nani atalima kijiji hiki miguu imeganda?"

Akamrudisha mtoto mgongoni kwa mama yake, akashika jembe.